Matanga katika Ofisi ya Ndege

Kampuni yenyewe siitaji jina. Imeshakufa, na maiti hasengenywi. Nitasema tu kwamba ilikuwa na ndege mbili ndogo, meneja mmoja Mzungu mwembamba kama ufito, na karani akiitwa Makungu, shati lake jeupe mpaka unaona haya kusimama karibu yake na buibui la jana. Ofisi yao ilikuwa Shangani, chumba kimoja, na ukutani picha ya ndege inacheka. Ndege yenye meno! Mimi ningelijua siku ile ile kwamba hawa watu si wa kuaminiwa.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, msimu wa karafuu.

Kulthum binti Hamoud alikuwa shoga yangu. Yeye wa ghorofani, Mlandege, mtoto wa nyumba iliyokuwa na mashamba zamani na sasa imebaki na milango mizuri tu. Mimi Sichana, mzaliwa wa Mkokotoni, nimeolewa Kikwajuni, nimesoma skuli mpaka darasa la nne, nikatolewa kwa kucheka mwalimu anaposali. Sijui alinipendea nini. Kila alasiri nilipanda ngazi zake na kofia yangu ya kushona, tukakaa dirishani, tukatia uzi na kuwasema watu. Yeye akisema kidogo, mimi nikisema kwa wawili.

Mama yake alikuwa Mombasa, kwa dada mkubwa wa Kulthum, Bi Shariffa. Miaka tisa mama huyo alikaa kule, macho yakamfifia kidogo kidogo, mwisho akawa haoni kabisa. Katika miaka hiyo tisa Kulthum alikwenda mara mbili. Si kwa kutopenda. Mara mume, mara mimba iliyoharibika, mara karafuu, mara pepo za kusi, na Kulthum akipanda meli hutapika mpaka maziwa aliyonyonya. Lakini Shariffa hakuyahesabu hayo. Aliwahi kumwandikia: "Wewe unampenda mama kwa barua, mimi nampenda kwa kumgeuza ubavu." Kulthum aliisoma barua ile mbele yangu, akaikunja, akaendelea kushona. Siku ile alijichoma sindano mara tatu.

Basi Ijumaa moja ikaja telegramu: *Mama mahututi. Anakutaja. Njoo upesi. Shariffa.*

Meli ilikuwa imeondoka jana yake. Mumewe, Bwana Turki, yuko Pemba kwenye karafuu. Ndege iko Jumamosi asubuhi, kisha mpaka Jumanne. Kulthum hajapata kupanda ndege. Hata kuitazama ikipita juu alikuwa haitazami, akisema kizunguzungu. Lakini jioni ile alipata tiketi na akapeleka telegramu Mombasa: *Nakuja kesho kwa ndege.* Usiku hakulala. Alikaa anapakia na kupakua sanduku dogo, kanga mbili za mama, mafuta ya mawaridi, udi. Aliniambia, "Sichana, nataka kitu kimoja tu. Asikie sauti yangu. Haoni, lakini asikie mimi nimekuja."

"Atasikia," nikamwambia. "Na mimi nitakusindikiza mpaka mlangoni mwa hicho chuma."

Asubuhi tukachukua teksi ya Usi, dereva wa mtaani, mpaka uwanjani, Kiembesamaki. Siku hizo ndege zilikuwa ndogo, na kila abiria akipimwa uzito pamoja na mzigo wake, ili ndege isilalie ubavu. Mzani umewekwa katikati ya chumba, mzani hasa, kama wa karafuu bandarini. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi wanatazama. Makungu na kitabu chake mkononi akasema, "Bibi, panda."

Kulthum akanitazama kwenye upenyo wa buibui. Mimi nikafungua langu mikono miwili, nikasimama mbele yake kama pazia.

"Bwana Makungu," nikasema, "unatupima kwa ratili au kwa pishi, kama mchele?"

Wanaume wakacheka. Makungu hakucheka. Akaandika: Kulthum binti Hamoud, ratili mia na kumi na mbili. "Na wewe?"

"Mimi siendi. Na mzani wako mzuri, sitaki nikuvunjie."

Hapo ndipo alipoanza kunichukia, na mimi nikaanza kumuona ananifurahisha. Tukenda kukaa pembeni, sisi wanawake wawili peke yetu katika chumba kile, kwenye benchi la nyuma ya nguzo. Kulikuwa na bwana mmoja mnene amesimama karibu na meza ya Makungu, hana tiketi, anajifuta jasho na kunong'ona naye. Nilimuona. Sikumtilia maanani.

Kisha Makungu akasimama mlangoni akaanza kuita majina. Huyu akajibu naam, yule akajibu naam, wakatoka mmoja mmoja kwenye jua. Halafu akaita, kwa sauti ya mnadi: "Kulthum binti Hamoud!"

Hapa lazima nieleze, maana wajukuu zangu wakiambiwa hucheka. Katika nyumba aliyolelewa Kulthum, mwanamke hamrushii mwanamume asiyemjua sauti yake. Mtu akipiga hodi na ndani hakuna mwanamume, bibi hugonga ubao wa mlango kwa ndani, mara tatu, na mgeni anajua: yuko mtu, na asogee taratibu aseme haja yake. Huo ndio ulikuwa uitikaji wao, na wanaume wa mjini wote walikuwa wakiujua. Basi Kulthum akagonga benchi kwa pete yake. Ko, ko, ko.

Nje injini imeshaanza kunguruma.

"Kulthum binti Hamoud!"

Ko, ko, ko. Akanigeukia, macho yananiuliza.

Mimi sikulelewa ghorofani. Sisi wa kaskazini tunaitana kutoka pwani mpaka mashuani, na mama yangu akisema sauti yangu hufika Tumbatu bila ya kulipa nauli. Neno moja tu, naam, na chumba kizima kingeligeuka. Lakini nilimtazama yule kijana na shati lake, nikasema moyoni, amempima kama gunia, sasa amwite kama gunia? Hatua kumi tu. Azitembee, aje aseme Bi Kulthum tafadhali. Nitamhadithia mtaa mzima vile alivyokuja. Nikamwekea Kulthum mkono gotini.

"Tulia," nikamwambia. "Mwache aje mwenyewe."

Akaita mara ya tatu. Hakutazama hata nyuma ya nguzo. Akapiga mstari kitabuni, akamwashiria yule bwana mnene, naye akatoka kwenda ndegeni, mlango ukafungwa.

Sisi bado tumekaa. Tunangoja aje. Ndege ilipoanza kutembea ndipo Kulthum akainuka, akakimbia. Sikuwahi kumuona akikimbia kabla ya siku ile, wala baada yake. Kiatu kimoja kilibaki njiani. Makungu akamzuia kwa mkono.

"Bibi, nimekuita mara tatu."

"Nipo!" Kulthum akapiga ukelele. "Mimi hapa, nipo!"

"Sasa upo," Makungu akasema. "Ndege ndiyo haipo."

Tukaenda posta moja kwa moja, tukapeleka telegramu kwamba ameachwa uwanjani, anakuja Jumanne. Ilikuwa Jumamosi mchana. Ilifika mikononi mwa Shariffa Jumatatu, kwa kuwa Jumapili posta imefungwa. Mama yao alikuwa amefariki Jumapili alfajiri, akazikwa kabla ya adhuhuri, na Shariffa akaisoma telegramu yetu akaiona ni udhuru uliotungwa baada ya msiba. Jibu lake likaja jioni ile: *Mama amezikwa. Ndege ilifika bila yako. Ofisi yasema hukutokea uwanjani. Usije.*

Kulthum aliniwekea karatasi ile mapajani. Hakulia. Alisema, "Sichana, wamesema sikutokea. Na mama kafa na neno hilo." Baada ya muda akasema tena, "Sikutokea!" kama mtu anayeonja chakula ajue kimetiwa nini.

Jumanne tukaenda Shangani. Makungu akafungua kitabu, akatuonyesha mstari.

"Kitabu kinasema hakutokea."

"Kitabu kinasema au wewe unasema?" nikamuuliza.

"Bi Sichana, andikeni malalamiko. Yatapelekwa Nairobi. Nairobi watajibu."

"Lini?"

"Wakijibu."

Meneja alikuwa nyuma ya mlango wa kioo anakunywa chai. Tulimuona, naye alituona, akageuza kiti. Kwenye ngazi Kulthum akashika ukuta. "Arobaini ya mama itapita," akasema, "na mimi ni yule ambaye hakutokea." Hakutaka jengine. Alitaka karatasi ya kampuni iseme alikuwepo, aipeleke kwa dada yake.

Matanga yalikuwa yameanza nyumbani kwa Kulthum, siku ya pili, wanawake wamekaa juu ya majamvi. Nikawaambia, "Jamani, inukeni. Tumekosea nyumba."

Kesho yake asubuhi, Makungu alipofungua ofisi, alitukuta mlangoni wanawake kumi na mmoja. Tukaingia na majamvi yetu mawili, tukayatandika chini ya ile picha ya ndege inacheka, tukavua viatu, tukawasha chetezo, tukagawana juzuu. Makungu akasema, "Nini hiki?"

"Matanga," nikamwambia. "Marehemu kanyimwa mtoto wake hapa kwenu. Basi msiba ni wenu. Una kahawa?"

Ubani ukatoka mpaka barabarani. Watu wa Shangani wakapita, wakasikia kisomo, wakachungulia. Mtu wetu akisikia kisomo haulizi. Huvua viatu akaingia kuhani. Mwenye duka la saa akaja. Wapagazi wawili wakaja. Mzee Msabah, muuza magazeti, akapita moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa kioo, akamshika meneja mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Pole, Bwana. Mungu akupe subira." Na nyuma yake mwengine, na mwengine. Yule Mzungu akawa anapokea mikono, "asante, asante," mpaka akatuona.

"Nani amekufa?" akauliza. Kiswahili alikijua, cha ofisini.

"Mama mmoja, Bwana," nikamwambia. "Alikuwa anamngoja abiria wako."

Wanawake wengine walikuwa wakicheka chini ya buibui, na mimi ndiye niliyewachekesha, siwezi kukataa. Lakini Kulthum alikuwa ameinama juu ya juzuu yake, anasoma kweli. Machozi yanadondokea herufi. Ndipo na sisi tukanyamaza, na chumba kikawa cha msiba hasa.

Meneja akatuita wawili sisi ndani. Akasikiliza. Akasema kampuni inasikitika. Itarudisha nauli yote, na atapewa kiti cha bure kwenda Mombasa siku aitakayo.

Kulthum akafungua uso wake. Mimi mwenyewe nilishtuka. Akamwambia mwanamume yule, kwa sauti yake, "Siku niliyoitaka imepita, Bwana. Andika kwamba nilikuwepo."

Meneja akamwita Makungu. Makungu akasimama, mikono nyuma. "Nilimwita mara tatu. Hakuitika."

"Aliitika," nikasema. "Aligonga benchi. Desturi yao."

"Mimi sikusikia kitu. Injini zinanguruma."

Meneja akanigeukia. "Na wewe ulikuwa naye. Ulisikia jina?"

"Nilisikia."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Kwa nini hukujibu kwa ajili yake?"

Nilikuwa na majibu kumi. Nikatafuta la kuchekesha hata moja, sikulipata. Kulthum ananitazama, uso wake umefunguka, na nikaona kwamba mpaka dakika ile alikuwa akidhani nilinyamaza kwa kumchungia heshima yake.

"Nilitaka karani wako atembee," nikasema. "Nilitaka nimcheke."

Meneja akaweka kalamu chini, kama mtu aliyetua mzigo. "Basi," akasema, "hili si kosa la kampuni. Abiria aliitwa, wenyewe wakanyamaza."

Nikaona yamekwisha, na mimi ndiye niliyeyamaliza. Lakini Kulthum hakuinuka.

"Bwana," akasema, "sikukuuliza nani ana kosa. Kosa tutagawana, liko la kututosha sote. Mmemwambia dada yangu sikutokea. Leteni kitabu cha mzani."

Makungu hakujongea. Meneja akamtazama, akamtazama, mpaka karani akenda kukileta. Na humo ndani, kwa mkono wake Makungu, tarehe ya Jumamosi: Kulthum binti Hamoud, ratili mia na kumi na mbili, sanduku moja ratili kumi na nne.

"Asiyetokea hana uzito," Kulthum akasema.

Makungu akatazama viatu vyake. "Nilijua yupo, Bwana," akasema polepole. "Nilimpima mwenyewe. Yule bwana alikuwa na haraka, na mimi niliona tabu kuandika kwamba nimemuacha abiria, nikaandika hakutokea."

Barua iliandikwa palepale, Kiswahili, kwa mkono wa Makungu, meneja akatia saini na muhuri: abiria alifika kwa wakati, alipimwa, alikuwa amekaa hatua chache kutoka mlangoni, hakufuatwa, na kiti chake akapewa mtu mwengine. Yaliyosemwa na ofisi ya Mombasa si kweli, na kampuni inaomba radhi. Makungu aliikunja vizuri kuliko nilivyotazamia. Tukakunja na sisi majamvi.

Tulipofika Darajani Kulthum akanigeukia.

"Siku ile ulinyamaza ili ucheke?"

"Ndiyo."

"Ulicheka?"

"Sikuwahi."

Tukaenda tena kidogo. "Dada kanikataza nisije," akasema. "Utakwenda wewe na barua hii. Uyaseme yote, na lako pia."

Nikapanda meli ya Alhamisi. Mombasa nikaulizia nyumba Mji wa Kale, nikamkuta Bi Shariffa, mwanamke mkubwa, mikono yake imepasuka kwa sabuni. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila ya kunitazama. Nikampa barua. Akaisoma, akairudia kuisoma, akaiweka chini ya mto.

"Basi alikuwepo," akasema.

"Alikuwepo. Na mimi nilikuwepo." Nikamwambia langu, neno kwa neno, hatua kumi na yote.

Akaifuta mikono yake kangani. Kisha akasema, "Mama alikuwa haoni, lakini akisikia sindano ikianguka. Jumamosi tangu asubuhi anauliza, ndege imelia? Imelia? Ikalia. Mume wangu akaenda uwanjani, akarudi. Alisema nami ukumbini, kwa sauti ndogo kabisa: ofisi inasema hakutokea. Mama akasikia. Unajua alisema nini? 'Kulthum ana shughuli zake.' Akageukia ukutani. Hakusema tena mpaka alfajiri alipofariki."

Akauweka sawa ule mto uliofunika barua.

"Nimemkasirikia Kulthum kwa neno lile," Shariffa akasema. "Sasa sijui nimkasirikie nani."

"Mimi," nikasema.

Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu niingie. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Umekula?" Akainuka kunipakulia.

Nilipoondoka alinipa maneno mawili. La kwanza: "Mwambie aje arobaini. Barua nitaisoma mwenyewe mbele ya watu." La pili: "Neno la mama usimfikishie. Litakaa na mimi."

Kulthum alinipokea juu ya ngazi. Alikuwa amekonda, siku zote hizo alikuwa akinywa chai kavu tu.

"Kasemaje?"

"Kasema njoo arobaini. Kasema atasoma barua mwenyewe."

Akakaa chini, palepale kwenye ngazi, akasema alhamdulillahi mara nyingi. Nikadhani nimeokoka. Halafu akainua uso.

"Na mama? Alisema neno juu yangu?"

"Alikutaja," nikamwambia. "Kisha akalala."

"Kwa uzuri?"

Mimi nimedanganya sana maishani mwangu, nimedanganya waume, nimedanganya mwalimu, nimemdanganya hakimu mara moja, na kila mara utamu wake niliusikia ulimini. Uongo huu haukuwa na utamu.

"Kwa uzuri," nikasema.

Akalia mpaka akachoka. Kisha akataka wali. Nilimpikia mimi mwenyewe, nikakaa nikamtazama akila, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikawa nyeupe. Arobaini alikwenda, kwa meli, akatapika njia nzima. Shariffa akamsomea barua mbele ya watu, wakapatana wakalia pamoja. Tukaendelea kushona dirishani miaka mingi baadaye, na hakuniuliza tena.

Shariffa alikufa na neno lile. Mwaka juzi Kulthum naye akatangulia; nilimuosha kwa mikono yangu hii. Watu wananiambia, Bi Sichana, mbona siku hizi umepoa, hutuchekeshi? Nawaambia meno yamekwisha. Lakini usiku mwengine nafikiri kwamba huko alikokwenda ameshamkuta mama yake, na wameshazungumza, na sasa anajua mama alisema nini. Anajua na mimi nilisema nini. Na mimi miguu imeshaanza kuvimba, sitachelewa, na sijajua bado nitamwambia nini.